Siku Saddam Alipofunguliwa Kinywa: Kisa cha Baraza Moja la Kibokoni

Jumapili tarehe 14 Desemba 2003 tulikuwa ndani ya Mfunguo Mosi, na bibi alikuwa akimalizia sita zake, saumu za sunna za baada ya Ramadhani. Nyumba yetu ya Kibokoni, Mombasa, ina baraza la mawe upande wa njiani na ukumbi nyuma yake, na baina ya viwili hivyo kuna dirisha moja la mbao lenye nondo. Wanaume hukaa nje na dele la kahawa, sisi hukaa ndani. Televisheni iko ukumbini, kwa hivyo siku ya mpira au ya habari kubwa hugeuzwa ikaelekea dirishani, wa nje wakachungulia, wa ndani wakatazama kwa ubavu. Alasiri ile iligeuzwa.

Mwezi wa Desemba saa ya Baghdad na saa ya Mombasa ni moja. Paul Bremer, Mmarekani aliyekuwa akiitawala Iraq tangu Mei, alisimama mbele ya waandishi akasema: "Mabibi na mabwana, tumemnasa." Ukumbini mwao waandishi wa Kiiraki waliruka wakapiga kelele za kumtakia mauti Saddam Hussein, rais aliyeng'olewa na Wamarekani. Kisha ukaonyeshwa ule mkanda. Mzee wa miaka 66, nywele timutimu, ndevu nyeusi zilizoingia mvi zimeshuka kifuani. Mkono wenye glavu unampekua kichwani kama unaotafuta chawa. Kijiti kinaingizwa kinywani, tochi inamulikwa, anaangaliwa meno na koo. Yeye ametulia tu, kama mtoto aliyepelekwa kwa daktari.

Nje ya dirisha watu kumi na kitu walinyamaza. Wa kwanza kusema alikuwa mzee jirani yetu ambaye ujanani alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi. "Anayefunguliwa kinywa akaangaliwa meno," alisema, "ni mnyama wa kuchinja."

Aliyewahi kununua mbuzi wa Idi analijua hilo. Unamshika taya, unamfunua mdomo, unatazama meno ya mbele ujue kama umri wake umetimia. Siku mbili baadaye huko Vatikani Kardinali Renato Martino alisema amemwonea huruma mtu yule kwa kumwona akikaguliwa meno kama ng'ombe. Watu wawili wasiojuana, mmoja wa Roma na mmoja wa Mombasa, walishikwa na kitu kile kile.

Nimekichagua kisa hiki, cha alasiri moja katika baraza moja, kwa sababu kwa miaka mingi nimesikia watu wa mbali wakieleza jinsi "Waislamu" walivyopokea kukamatwa kwa Saddam, kana kwamba walikuwa na kinywa kimoja. Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimesimama na sinia la kashata, nikisikia yaliyosemwa pande zote mbili za lile dirisha. Tulichokisema siku ile kilikuwa na haki ndani yake, na kilikuwa na kosa kubwa ndani yake. Nataka kuvitenganisha.

Kwanza watu walikataa. Si yeye, huyo ni pacha, kwani si kila mtu anajua ana watu wanaofanana naye? Hilo lilidumu kama robo saa. Likafuatia la pili, ambalo leo linanishangaza zaidi: watu walimkasirikia yeye mwenyewe. Wanawe Uday na Qusay walikuwa wameuawa Mosul tarehe 22 Julai wakipigana mpaka risasi ya mwisho. Baba mtu alikuwa na bastola na hakufyatua hata risasi moja. Askari kama 600 walikuwa wamekizingira kijiji cha ad-Dawr, kusini ya Tikrit, wakamkuta chini ya ardhi katika shimo la kimo cha mtu, linalotosha kulala tu, na karibu yake dola 750,000 taslimu. "Kama ni kufa si angekufa!" alisema ami yangu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyedanganywa. Mwingine akasema lazima amelishwa dawa, maneno ambayo binti wa Saddam, Raghad, naye aliyasema siku chache baadaye.

La tatu ndilo lililobaki, na ndilo lililozungumzwa mpaka Magharibi: fedheha. Ukivuliwa nguo, chutama, wamesema wahenga, lakini huyu hakupewa hata nafasi ya kuchutama. Hakuna aliyesema Saddam alikuwa mtawala mwema, na hilo naomba lieleweke. Babu, aliyekuwa akisikiliza idhaa ya Kiswahili ya BBC tangu mimi sijazaliwa, alisema wazi: "Dhalimu ni dhalimu." Lakini akaongeza, "Na huyu anayemfungua kinywa, nani amempa?"

Mtaa wa pili kulikuwa na mvulana wa miaka kumi na miwili aliyeitwa Saddam. Alizaliwa wakati wa vita vya Ghuba vya mwaka 1991, na babake hakuwa peke yake kumpa mwanawe jina hilo mwaka ule, maana wakati huo lilikuwa jina la mtu aliyewarushia makombora Waisraeli, waliokuwa hawaguswi. Jioni ile hakutoka kucheza mpira. Wenzake walipita chini ya dirisha lao wakiimba atoke shimoni, mpaka mamake akatoka na ufagio.

Swali la babu, nani amempa, halikuzuka hewani. Watu wa pwani hii wana kumbukumbu ndefu ya watawala waliong'olewa, na katika kumbukumbu hiyo hamna mahakama. Jioni ile ile babu alimtaja Sayyid Khalid bin Barghash kana kwamba alimwona jana. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza waliipiga mizinga kasri ya Zanzibar kwa muda usiofika saa moja, Sayyid Khalid akakimbilia ubalozi wa Wajerumani, akapelekwa Dar es Salaam. Mwaka 1916 Waingereza wakamkamata huko, wakampeleka Shelisheli na Saint Helena. Mwishowe walimruhusu kurudi upande huu, na alifia hapa hapa Mombasa mwaka 1927. Hakuna aliyewahi kumsomea shtaka. Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda walikamatwa mwaka 1899 wakapelekwa Shelisheli vivyo hivyo. Kwa masikio ya babu, mzungu akisema "tumemnasa", kinachofuata ni meli na kisiwa. Neno "kesi" lilipotajwa siku ile kwenye televisheni, wazee hawakulisikia kama kesi.

Na kulikuwa na mfano wa pili, mbichi zaidi. Miezi minne tu kabla, tarehe 16 Agosti 2003, Idi Amin alikuwa amekufa Jeddah, hospitalini, baada ya kuishi huko miaka kama ishirini bila kuulizwa na hakimu yeyote. Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa, ambaye hupita kwetu kunywa kikombe kimoja kila jioni, alikuwa ametimuliwa Uganda mwaka 1972 akiwa kijana. Treni iliwaleta mpaka Mombasa, na njiani askari waliwapora hata bangili za wanawake. Wenzake walipanda meli, yeye akabaki. Alisikiliza mazungumzo yote ya aibu ya Saddam, kisha akasema kwa upole, "Amin hakufunguliwa kinywa. Alikufa amefunikwa shuka safi." Hakuna aliyemjibu. Nafikiri ndiye aliyekuwa na neno zito kuliko wote jioni ile, na lilipita kama upepo.

Kuna methali iliyotajwa mara tatu au nne: aliye juu mngoje chini. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni methali ya haki. Sasa naona ni methali ya watu wasio na mahakama. Inakuambia ungoje. Haikuambii ufanye nini akishafika chini, na ndiyo maana alipofika chini Jumapili ile, baraza zima lilikuwa halina la kusema ila kumtazama.

Kijana mmoja tu alijaribu. Alikuwa akisomea sheria Nairobi na amekuja likizo. Yeye alisema, kwa nini asishtakiwe kama wa Arusha? Na ukweli ni kwamba mfano huo ulikuwa jirani kuliko yote, na hatukuuona. Katika mahakama ya Umoja wa Mataifa pale Arusha, Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari, alikuwa amehukumiwa kifungo cha maisha tarehe 4 Septemba 1998 baada ya kukiri makosa yake. Alikamatwa Nairobi, mwezi wa Julai 1997, na sikumbuki kuona picha ya mtu akimpekua chawa. Siku kumi na moja tu kabla ya Saddam kuonyeshwa, tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ile ile ilikuwa imewahukumu watu watatu waliotumia redio na gazeti kuchochea mauaji. Arusha haikunyonga mtu. Mashtaka yalisomwa, mashahidi waliitwa, mtu alipewa wakili, na ilichukua miaka.

Lakini Iraq ilikuwa imeshachaguliwa njia nyingine. Tarehe 10 Desemba, siku tatu kabla ya shimo la ad-Dawr, Baraza la Utawala lililowekwa na Wamarekani lilitangaza sheria ya mahakama maalumu ya kushughulikia makosa ya kuanzia tarehe 17 Julai 1968 hadi 1 Mei 2003. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai isingeweza kuigusa sehemu kubwa ya madhambi hayo, maana haina mamlaka juu ya yaliyotendeka kabla ya Julai 2002, na Iraq haikuwa mwanachama. Kofi Annan alisema Umoja wa Mataifa hauwezi kuunga mkono mahakama itakayotoa hukumu ya kifo. Rais Bush akasema mtu yule anastahili adhabu ya mwisho. Kijana wa sheria alipoyasikia hayo ya Bush siku chache baadaye alisema, "Basi, hakimu ameshasema." Naye alikuwa anasema kweli. Mtu aliyemkamata mshtakiwa, anayemlinda, aliyeigharamia mahakama, akitaja adhabu kabla ya shtaka kuandikwa, anamharibia kazi hata jaji mwaminifu atakayekuja baadaye.

Na ile picha pia ilikuwa na sheria yake. Mkataba wa tatu wa Geneva wa mwaka 1949, kifungu cha 13, unasema mfungwa wa kivita alindwe dhidi ya matusi na dhidi ya kufanywa maonyesho mbele za watu. Mwezi wa Machi mwaka ule ule, televisheni ya Iraq ilipowaonyesha wanajeshi wa Kimarekani waliotekwa, Washington ilipiga kelele kwamba mkataba umevunjwa, na ilikuwa na haki kupiga kelele. Kibokoni tuliona mikanda yote miwili kupitia madishi yale yale. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Maelezo yaliyotolewa, kwamba Wairaki walihitaji kuona kwa macho yao ndipo waamini, si ya kupuuzwa. Hata kwetu watu walisema ni pacha. Lakini sura yake ingetosha kuaminisha. Kinywa kilikuwa cha nini?

Hayo ndiyo tuliyoyaona sawasawa. Sasa kosa.

Asubuhi ya Jumatatu nilikwenda kwa rafiki yangu tuliyesoma naye, vichochoro viwili kutoka kwetu. Kwao ni Ithnaasheri, yaani Mashia. Nilimkuta mamake amekaa juu ya msala, tasbihi ya udongo wa Karbala mkononi, macho yamevimba. Mimi, na maneno ya barazani bado yakinivuma kichwani, nikasema kitu kama pole. Alinitazama kwa muda. Kisha akanionyesha ukutani picha ya mtu mwenye kilemba cheusi. Alikuwa Muhammad Baqir al-Sadr, mwanachuoni wa Najaf. Mwezi wa Aprili 1980 Saddam alimuua, na dadake Bint al-Huda pamoja naye. "Huyu," alisema, "hatukuonyeshwa alivyokufa. Nimewasomea Fatiha, yeye na dadake. Wewe umemsomea nani?"

Nilikuwa nimeishi vichochoro viwili kutoka picha ile maisha yangu yote. Kila Muharram nilisikia julusi yao ikipita. Na sikujua. Sikujua kwamba mwaka 1991, mwaka ule ule watoto wa kwetu walipopewa jina la Saddam, jeshi lake lilikuwa likiwamaliza Mashia walioasi kusini, mizinga ikipiga mpaka makaburi matukufu ya Karbala na Najaf. Mwezi wa Mei 2003 kaburi la halaiki lilifukuliwa Mahawil, karibu na Hilla, na wanawake walikuwa wakipita kati ya mafurushi ya mifupa wakitafuta kitambulisho, kandambili, kipande cha kanzu. Nilikuwa nimeziona picha hizo kwenye gazeti. Nilizifungua kurasa nikaendelea.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia bibi. Bibi hakuwa mtu wa siasa. Aliuliza tu, "Na hao aliowaua, mbona mama zao hawamo humo?" Akaielekeza kidole ile televisheni, ambayo bado ilikuwa ikirudia kijiti na tochi.

Ili nieleze kwa nini tuliwasahau, lazima niseme jambo la nyumbani. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise pale Kikambala ililipuliwa, wakafa Wakenya kumi, wengi wao vijana wa ngoma waliosimama mlangoni kuwapokea wageni, na Waisraeli watatu. Makombora yakarushiwa ndege iliyokuwa ikipaa Mombasa. Baada ya hapo ulikuja msako. Mwezi wa Aprili 2003 ukachapishwa mswada wa sheria ya ugaidi ambao kwa vijana wa pwani ulisomeka kama hati ya kukamatwa wote. Binamu yangu alichukuliwa usiku wa Januari na watu waliovaa kiraia. Alikaa siku kumi na tisa, hatukuambiwa yuko wapi, akarudi bila kushtakiwa kwa lolote. Alirudi amenyolewa kichwa. Mamake alipomwona hakulia. Alimfungua mdomo kwa vidole viwili kuangalia kama meno yote yamo.

Kwa hiyo mkanda ule ulipoonyeshwa, mama yangu, shangazi, na nusu ya wanaume wa barazani hawakumwona rais wa Iraq. Walimwona binamu yangu. Waliona mikono isiyo na sura ikimshika mtu asiyeweza kuikataa. Huruma yao ilikuwa ya kweli, na ilikuwa na sababu. Ilikwenda kwa mtu siye.

Hilo sikulielewa sawasawa mpaka kesi ilipoanza. Mahakama ilifunguliwa Baghdad tarehe 19 Oktoba 2005, na shtaka la kwanza halikuwa vita na Iran wala Kuwait wala sumu ya Halabja. Lilikuwa la mji mdogo uitwao Dujail. Tarehe 8 Julai 1982 msafara wa Saddam ulipigwa risasi ukipita hapo. Yeye hakuguswa. Kilichofuata ni msako: mji mzima ukapekuliwa, familia zikabebwa, wanawake na watoto wakatiwa jela kisha wakapelekwa jangwani, mashamba ya mitende yakang'olewa, na mwishowe watu 148 wakauawa, wengi kwa hati iliyotiwa sahihi na rais mwenyewe.

Shahidi wa kwanza alisimama tarehe 5 Desemba 2005. Alipochukuliwa na jamaa zake alikuwa na miaka kumi na mitano. Alizungumza akilia, na Saddam na nduguye wa mama mmoja, Barzan, wakimkatiza. Binamu yangu alikuwa ameketi kwetu ukumbini, ndani, si barazani. Tangu arudi hakupenda kukaa nje. Tafsiri ya Kiingereza ilikuwa ikisomwa juu ya Kiarabu, na yeye alisikiliza mpaka mwisho mkono ukiwa shavuni. Kisha akaniuliza, "Umesema walichukua watu wangapi?" Nikamwambia ni familia nzima nzima. "Kwa sababu ya watu wachache waliopiga risasi?" Nikasema ndiyo. Hakuuliza tena.

Hapo ndipo nilipoona. Shambulio moja, halafu mji mzima ukakamatwa: hiyo ilikuwa hadithi yetu. Waliofanana na sisi walikuwa watu wa Dujail. Saddam alikuwa upande wa wale waliokuja usiku wamevaa kiraia. Yeye ndiye aliyekuwa akiwatuma. Miaka miwili kabla, kwa sababu ya kinywa kilichofunguliwa mbele ya kamera, tulikuwa tumesimama upande usio wetu. Aliyeamua kuonyesha mkanda ule alifikiri anamwonyesha dhalimu aliyeshindwa. Kwa watu kama sisi alitengeneza mdhulumiwa, na akawanyang'anya wadhulumiwa wenyewe masikio ambayo wangeyapata.

Kesi yenyewe haikutusaidia kubadilika, na hili nasema kwa uchungu, maana nilitaka isimame. Mawakili watatu wa utetezi waliuawa kabla haijaisha. Jaji wa kwanza, Rizgar Amin, alijiuzulu Januari 2006 baada ya kulaumiwa na wakubwa kwamba ni mpole mno. Aliyemfuata, Rauf Abd al-Rahman, alizaliwa Halabja, mji ule ule ambao watu wake kama 5,000 waliuawa kwa gesi tarehe 16 Machi 1988. Huenda alikuwa mwadilifu kabisa. Lakini kijana wetu wa sheria, ambaye wakati huo alikuwa ameshakuwa wakili, aliuliza swali la kawaida: je, wewe ungekubali kesi yako isikizwe hivyo? Hapa kwetu, mwezi wa Juni 2005 Mahakama Kuu ilikuwa imewaachilia wanne walioshtakiwa kwa mauaji ya Kikambala, kwa sababu ushahidi haukutosha. Baada ya yote tuliyopitia, jaji wa Kenya alitazama jalada akasema halitoshi. Tulijua basi kwamba mahakama inaweza kufanya hivyo hata wakati serikali inataka vingine. Tulikuwa tukiingojea Baghdad ifanye kazi ya namna hiyo, hata kama mwisho wake ni kumtia hatiani, na ushahidi wa kumtia hatiani ulikuwepo.

Hukumu ikatolewa tarehe 5 Novemba 2006. Rufaa ikakataliwa tarehe 26 Desemba. Siku nne baadaye, alfajiri ya Jumamosi tarehe 30, alinyongwa. Kwa waliofuata mwandamo wa Saudia ilikuwa siku ya Idi ya Mfunguo Tatu, ile Idi ya kuchinja. Simu ya mtu aliyekuwemo ndani ilirekodi waliomzunguka wakimzomea na kulitaja jina la Muqtada al-Sadr, kiongozi wa Kishia, na yeye kitanzi shingoni akitamka shahada. Ilifika Mombasa kwa simu za mkononi kabla nyama haijagawanywa. Yule mzee wa mbuzi hakusema kitu. Aliinuka, akajipangusa kanzu, akaenda kwake. Kila mtu pale alikumbuka alichokisema miaka mitatu nyuma kuhusu mnyama wa kuchinja, na hakuna aliyetaka kukirudia.

Kijuujuu mtu angesema haki imetendeka, au kwamba haikutendeka. Mimi nawafikiria zaidi Wakurdi. Wakati wa kunyongwa, Saddam alikuwa katikati ya kesi ya pili, ya Anfal, iliyofunguliwa tarehe 21 Agosti 2006: ile kampeni ya mwaka 1988 dhidi yao ambayo Human Rights Watch ilikadiria iliua kati ya watu 50,000 na 100,000. Wanavijiji walikuwa wakipanda kizimbani mmoja mmoja na kumwambia usoni walichofanyiwa, mwanamke wa milimani akimweleza rais habari ya macho ya mwanawe yaliyopofuka. Alipokufa, mashtaka dhidi yake yalifutwa, na kesi ikaendelea na wenzake huku kiti chake kitupu. Walionyonga waliona 148 wa Dujail wanatosha. Hawakuwauliza wale wengine. Kwangu mimi hiyo ndiyo dhuluma kubwa ya mwisho katika kisa hiki, na aliyedhulumiwa si yeye.

Tulikuwa na sababu yetu wenyewe ya kulijali hilo. Moi alitoka madarakani tarehe 30 Desemba 2002. Wiki chache baadaye Wakenya walifunguliwa vyumba vya mateso chini ya Nyayo House, jengo la serikali Nairobi, wakaingia na tochi. Kikosi kilichoongozwa na Profesa Makau Mutua kilisema Agosti 2003 kwamba nchi inahitaji tume ya ukweli na iwe imeundwa ifikapo Juni 2004. Muda huo ulipita haijaundwa. Barazani kwetu, katika mwezi ule ule tuliogombana juu ya meno ya Saddam, kulikuwa na mtu aliyekaa Nyayo House, na hakuna aliyewahi kumwomba asimulie. Nilijua kwa sababu bibi alinikataza kumletea maji kwa ghafla kutokea nyuma.

Hukumu ya Halabja ilikuja mwisho kabisa. Jumapili tarehe 17 Januari 2010 mahakama ya Baghdad ilimtia hatiani Ali Hassan al-Majid, binamu wa Saddam aliyeamuru ile gesi, na wiki moja baadaye akanyongwa. Siku ya hukumu Kibokoni kulikuwa kukizungumzwa jambo moja tu. Ijumaa iliyotangulia watu walikuwa wameandamana Nairobi kwa sababu ya kukamatwa kwa Sheikh Abdullah al-Faisal, mhubiri kutoka Jamaika, na damu ilikuwa imemwagika. Baraza lilijaa, kila mtu anasema juu ya mwenzake. Babu alikuwa mgonjwa wakati ule, amelazwa kitandani ukumbini karibu na dirisha, redio juu ya kifua. Msomaji alitaja Halabja, akataja elfu tano, akataja mwaka 1988.

Babu aliinua mkono kuwaashiria walio nje wanyamaze. Walichukua muda kuuona. Waliponyamaza redio ilikuwa imeshafika kwenye bei ya dola.